Kombe la Mzee Bahram

Kila asubuhi, akishamwacha mwanawe skuli, Hayat alipanda basi mpaka kwa Mzee Bahram, Tottenham, ghorofa ya nne. Kazi yake ilikuwa kumwogesha, kumpa uji na dawa, kisha aende kwa mgonjwa mwingine.

Mzee Bahram alikuwa mchoraji, mtu wa Shiraz, umri umeshapita themanini. Siku ya kwanza Hayat alimwambia kwamba kwao Pemba bibi yake akijiita Mshirazi. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Basi wewe ni ndugu yangu uliyepotea njia miaka elfu," alisema. "Umechelewa, binti. Chai imeshapoa."

Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake cha kuungaunga, na wakaelewana. Hayat akamwita Baba, kwa kuwa mtu mzima kama yule hakuweza kumwita jina lake kavu, hata kama wenziwe kazini wanafanya hivyo.

Majira ya baridi daktari alipomwambia kwamba moyo umechoka na hautafika mbali, Mzee Bahram aliacha picha zote. Alinunua kitambaa cheupe cha pamba, akakitandika juu ya meza ya kulia, akaanza kuandika sanda yake. Kwao, alisema, wapo wanaoandikiwa dua juu ya sanda kwa wino wa zafarani. Alikuwa amewaandikia wengi. Hakutaka yake iandikwe na mkono wa mtu mwingine.

Kwao Hayat sanda haiandikwi. Inafukizwa udi, inatiwa kafuri, basi. Wiki ya kwanza aliipita ile meza kwa kuambaa ukuta, bakuli la uji mkononi, asije akaigusa. Halafu akazoea. Hata akawa anauliza, "Leo tumefika wapi, Baba?"

Walifika mstari wa mwisho, wa kuomba rehema, na hapo mkono ukakataa. Ulitetemeka asubuhi, ukatetemeka jioni. Wiki tatu mstari ule haukuandikika, na kila wiki Mzee Bahram alizidi kupungua ndani ya nguo zake.

Jumatano moja Hayat alifungua mlango akamkuta amelala kitini, kalamu ya mwanzi ingali kati ya vidole. Pembeni pake palikuwa na sahani nyeupe, imeandikwa kwa zafarani. Hayat akaangalia maandishi yale, akamwangalia mzee, na moyo ukamlainika. Maskini, alisema moyoni, amejiandikia kombe, na usingizi umemchukua hajalinywa.

Basi akafanya kama mama yake alivyokuwa akimfanyia. Alichukua chupa ya marashi ya mawaridi ambayo mzee akichanganyia wino, akayamimina kidogo juu ya sahani, akaisuuza taratibu kwa kidole mpaka maandishi yote yakayeyuka yakawa maji ya manjano. Akayatia kwenye kikombe, hata tone halikumwagika. Kisha akamwamsha.

"Baba, kunywa kombe lako."

Mzee Bahram alitazama kikombe. Akatazama sahani, nyeupe kama imetoka dukani.

"Umeiosha?"

"Nimelitoa kombe, ulinywe. Kwetu mgonjwa anaandikiwa sahanini, anaoshewa, anakunywa."

Mzee akamweleza, bila ukali, kwamba alfajiri mkono ulitulia kidogo tu. Akauandika mstari ule sahanini, ukatoka kama alivyokuwa akiandika ujanani. Alitaka akipata nguvu atandike kitambaa juu ya sahani aufuatishe.

Hayat alikaa chini pale pale kwenye zulia.

"Na kwenu," mzee akauliza, "mnakunywa kwa maradhi tu?"

"Na kwa mtihani, Baba. Mimi nilinyweshwa darasa la saba."

"Ikawaje?"

"Nilifeli."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Hayat alidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la polepole lisilo na sauti, mpaka machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono akachukua kikombe, akanywa chote.

"Nisogeze mezani," akasema.

Hayat akampigia simu Bi Sushila, mgonjwa wake wa pili, akamwambia atachelewa na amwie radhi. Akakisogeza kiti. Akauweka mkono wake chini ya kifundo cha mkono wa mzee, kama anavyofanya na mwanawe anapojifunza herufi, hashiki, anabeba tu. Kalamu ikagusa kitambaa. Herufi zilitoka zinayumba, nyengine nene, nyengine kama uzi. Mara mbili walisimama ili apumzike. Mara moja tone la zafarani liliangukia pembeni, wakaliacha.

Walipomaliza, Mzee Bahram aliegemea nyuma, amefumba macho. Hakuthubutu kuangalia.

"Unasomeka?"

Hayat hakuwa na vyeti, lakini chuoni kwao Wete hakuna aliyemshinda kusoma Kurani. Aliinama karibu na kitambaa, akaweka kidole juu ya neno la kwanza bila kuligusa, akasoma. Akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi pale palipoyumba sana, mpaka mwisho wa mstari.

"Unasomeka, Baba."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Basi uache ukauke," akasema Mzee Bahram. "Sasa nipe huo uji."