Mimi Sijagusa Kitu

Aibu hii nimeificha miezi mingi, lakini kwa kuwa mji wote wa Bwera wanaijua na kila mtu anaongeza ya kwake, heri niiseme mwenyewe jinsi ilivyokuwa, na mkicheka, chekeni polepole, mimi bado ni mtu mwenye depo kubwa kuliko zote kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Kongo.

Shule niliiachia darasa la nne, na sioni haya kulisema, maana wale waliofika chuo kikuu ndio wanaokuja kuniomba kazi. Wafanyabiashara wa Beni na Butembo wanaacha mizigo kwangu wakingoja gari, magunia meupe yaliyoshonwa mdomo, ambayo mimi sina ruhusa kuyafungua, yote sura moja, na kuyaandika majina hakusaidii kitu, kwa sababu huku kwetu mtoto anapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, ng'ambo nako vivyo hivyo, ukiita Masika (ndiye binti wa kwanza) wanasimama wanawake saba. Ndiyo maana nilileta kompyuta. Biira, binti wa jirani yangu aliyesomea mambo hayo na sasa anafanya kazi Kasese mjini, alinitengenezea sistimu: gunia linabandikwa namba tu, na namba hiyo ni ya nani, inajua kompyuta peke yake. Karatasi nilizipiga marufuku. Nilimwambia kila mtu kwamba hata Kampala hawana kitu kama hiki (wanacho, niliambiwa baadaye).

Sasa Ijumaa moja ya soko, saa mbili asubuhi, nimekaa mbele ya mashine na chai yangu, wazo likaniingia: paswadi ya databesi, yaani ufunguo wa lile ghala la majina humo ndani, aliichagua Biira. Nyumba yangu, ufunguo wa binti wa watu? Alishanionyesha mahali inapokaa, ndani ya databesi yenyewe, akaniambia, "Mzee, hapa usiguse." Nikagusa. Nikaweka paswadi yangu mwenyewe, nikangoja kitu kiharibike, hakikuharibika, mizigo ikaendelea kuingia na kutoka, nikajipongeza kwa chapati ya pili.

Saa sita umeme ukakatika, ukarudi. Mashine ikawaka vizuri, lakini sistimu ikatoa maandishi mekundu kwamba imeshindwa kufikia databesi. Nikazima, nikawasha. Nikaipiga kofi kidogo ubavuni. Watu wakazidi kujaa, na mbele kabisa alikuwa Maman Masika wa Beni, ambaye gunia lake liliingia asubuhi ile ile kutoka kwa mafundi cherehani wa Kasese: nguo nyeupe arobaini za watoto wa komunyo ya kwanza. Komunyo yenyewe ni Jumapili, na alitaka kuvuka mapema, kwa sababu magari ya Beni hayatembei gizani, barabara ile mnaijua, ina waasi.

Nikampigia Biira, nikaweka simu sauti kubwa ili watu wasikie ninavyoongea na mafundi wangu. Swali lake la kwanza likawa kama kuna kitu nimegusa.

"Mimi? Mimi sijagusa kitu."

Na kweli wakati ule niliamini ninachosema, maana kama ni kosa la saa mbili, lilikuwa linangoja nini mpaka saa sita? Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, nikatafuta wa kulaumu, nikamwona Thembo, mlinzi wangu, mtu aliyenizidi umri, nikasema ni yeye amevuta waya kwa fagio lake, aende akakae nje ya geti. Akaenda na fagio lake.

Biira alifika saa nane. Akafungua faili ambamo sistimu inaambiwa databesi iko wapi, ipitie mlango upi, iseme jina gani na paswadi gani. Akasoma kidogo, akasema databesi ni nzima, inajibu, ila inaikataa paswadi. Hapo nikaikumbuka ile ya saa mbili.

"Na paswadi ya humu kwenye faili ni ile ile niliyoiandika mimi," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Mzee, hakika hakuna mtu ameibadilisha?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Hapo ndipo ningeokoka, jamani, neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu, na Thembo yuko nje kwenye jua.

"Binti yangu, hapa nani anaweza?"

Mtoto aliyelelewa kwetu hawezi kumwambia rafiki wa baba yake kwamba anasema uongo. Kwa hiyo, kwa ajili ya neno langu, Biira akaenda kutafuta kwingine: anwani, namba ya mlango, faili akaiandika upya, akafuata hata ule waya wa Thembo mpaka ukutani, na kila akijaribu, maandishi mekundu yale yale. Mimi nakaa, nasimama, nakunywa maji, naenda getini, namkuta Thembo ananitazama, narudi, natazama saa. Saa tisa. Saa kumi. Jasho linanitoka kama mtu aliyepanda mlima Rwenzori kutoka Nyakalengija, na mimi niko chini ya feni.

Kufika saa kumi na moja Biira akapumua. "Imebaki njia moja. Nirudishe nakala ya databesi ya jana jioni, itafunguka. Ila mizigo ya leo haitakuwamo."

Maman Masika hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza. "Patron, yangu iliingia leo. Batoto makumi ine beko nangoja hii manguo. Bamama yao nitabaambia nini?"

Kidole cha Biira kilikuwa kinashuka kwenye kitufe.

"Usirudishe," nikasema. "Ni mimi. Niliibadilisha asubuhi."

Biira akakiondoa kidole. Kisha Masika mwingine kutoka nyuma: "Aa, patron, na ulifukuza muzee ya watu juu ya waya?" Depo nzima ikacheka mpaka mabati yakalia. Biira peke yake hakucheka. Alinieleza polepole kwamba sistimu ilikuwa imeshaingia ndani kabla sijabadilisha, kwa hiyo haikuulizwa ufunguo tena. Umeme ulipokatika ikatoka nje, na iliporudi ilikuja na ufunguo wa zamani. Nikaandika paswadi yangu kwa kidole kimoja, akaiweka kwenye faili, akawasha upya. Dakika mbili. Baada ya saa tatu nzima za kutafuta.

Nikaenda getini mwenyewe kumwomba Thembo msamaha. Akakung'uta suruali. "Bosi, waya ningeuvuta ningesema." Akaingia, akalitoa gunia.

Maman Masika alivuka, lakini gari la mwisho lilikuwa limeondoka. Akalala Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka, gari la kesho yake likachelewa, akafika Beni Jumamosi jua likizama, akazigawa hapo hapo, hakupata nafasi ya kupiga pasi hata nguo moja. Jumapili alinitumia picha: watoto arobaini mbele ya kanisa, nguo nyeupe, zimejikunja kutoka bega mpaka pindo. Nimezitazama zile kunjo mara nyingi. Ni zangu zote.

Siku hizi sistimu ikikwama, Biira hafiki kwenye lile swali lake la kwanza. Namtajia kila nilichogusa tangu asubuhi, mpaka kiti nilichokalia.