Benchi la Ndege la Fundi Kipimo

Simu ililia Mama Mkate akiwa jikoni kwa binti yake, anakanda unga. Hakutaka kuishika kwa mikono ile, kwa hiyo akamwita binti, aliyekuwa chumbani akimnyonyesha mtoto wake wa wiki tano. Binti alikuja na mtoto begani, akaiweka simu kwenye sikio la mama yake na kuishikilia hapo. Ndiyo maana wote wawili walisikia kwa pamoja.

Aliyepiga alikuwa rafiki mkubwa wa mume wa Mama Mkate, mzee anayesafisha ndege katika kiwanja kidogo cha mji wao.

"Shemeji, umekaa?"

"Nimesimama. Sema tu."

"Fundi ametutoka. Asubuhi hii, karakanani. Aliweka msumeno chini, akasema anapumzika kidogo kwenye lile benchi lake. Tulipomwita chai hakuitika."

Mama Mkate hakupiga kelele. Aliutazama unga uliokuwa mezani, akaufunika kwa kitambaa kana kwamba angeurudia, kisha akaegemea ukuta. "Mungu wangu," alisema polepole, "umemchukua nikiwa mbali."

Mzee wa ndege aliendelea kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Jokofu la mochwari lilikuwa bovu, na mchungaji na wazee wa kanisa walikuwa wameshakubaliana: mazishi kesho saa tisa alasiri. Isingewezekana kungoja zaidi.

Simu ilipokatika, binti alimtazama mama yake, kisha akatazama saa ukutani. Mama alijua kwa nini. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu kwa basi, safari ya siku mbili na usiku mmoja. Kwa basi angefika wakati watu wameshakunja maturubai. Ilikuwepo ndege moja tu, ya kesho asubuhi, ile ndogo ya viti hamsini. Na Mama Mkate alikuwa ameapa kwamba miguu yake haitapanda ngazi ya ndege hiyo tena mpaka kiama.

Kiapo hicho kilikuwa na miaka minane. Siku ile yeye na mumewe walikuwa wanakwenda kwenye mahafali ya huyuhuyu binti. Mama Mkate ni mwanamke mkubwa, Mungu hakumpimia kwa kijiko, na hajawahi kuona haya kwa hilo barabarani wala sokoni. Lakini ndani ya ndege ile njia ilikuwa nyembamba na kiti kilikuwa na mikono miwili ya chuma. Alipojaribu kujipenyeza kati ya mkono wa kiti na kiti cha mbele, alikwama, hawezi kuingia wala kutoka. Foleni ikasimama nyuma yake. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu angelipia tiketi mbili," na watu wakacheka. Si wengi, lakini walitosha. Alijinasua, akageuka, akashuka ngazi kimya. Mumewe akamfuata na kuiacha ndege iende bila wao.

Njiani kurudi nyumbani, Fundi alisema neno moja tu. "Ukimwona mtu hakai vizuri, usimlaumu mtu. Mlaumu aliyetengeneza kiti."

Huyo ndiye alikuwa mumewe. Watu walimwita Fundi Kipimo kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila futi yake ya chuma mfukoni, hata akienda msibani. Alipokuja kuposa, miaka thelathini na minne iliyopita, wakwe walimkuta anapima mlango wa jiko lao. Walipomuuliza ni adabu gani hiyo, alijibu kwamba binti yao anabeba sinia pana na mlango unamgonga viwiko, angependa kuupanua kabla hajamchukua mfanyakazi wao. Baba mkwe alicheka hadi akasahau kutaja mahari siku ile.

Kanisa lilipomwagiza mabenchi mapya, aliomba mbao zaidi ya zilizohesabiwa, akaongezea zake. Mwinjilisti alimwuliza kwa nini benchi la tatu ni pana kuliko mengine. "Yote ni mapana," Fundi alisema. Na kweli, alikuwa ameyapanua yote ishirini na mawili ili mkewe akae popote apendapo, na asiwepo mtu wa kusema lile ndilo la Mama Mkate. Mkewe alikuja kugundua miaka mitatu baadaye, alipokaa kwenye benchi la kanisa la jirani akaona mbao zinamwishia katikati ya mapaja.

Baada ya ile aibu ya ndege, Fundi alimwendea rafiki yake msafishaji. Kila ndege ilipotua na abiria wakashuka, yule mzee aliingia na ndoo yake, ufagio wake na futi ya Fundi. Akapiga deki na kupima. Upana wa kiti: sentimita arobaini na tatu. Kimo cha mkono wa kiti. Nafasi ya magoti. Kina cha kabati la mizigo la juu, ambalo alisema ni dogo hata kuku wawili wangegombana humo. Alileta namba zile kwenye kipande cha karatasi ya sabuni, na Fundi akaanza kazi.

Alitengeneza safu moja kamili: kiti kimoja upande huu, viwili upande ule, njia katikati, yote juu ya sakafu moja ya mbao, na kabati la mizigo juu ya nguzo mbili. Akaiweka karakanani karibu na mlango. "Sasa mwenzangu," alimwambia mkewe, "njoo ufanye mazoezi. Ndege haina mwalimu."

"Mazoezi ya nini? Mimi siendi popote."

"Huu mkono wa upande wa njia unainuka. Watu hawajui. Kuna kitufe chini, nyuma kabisa, karibu na bawaba. Unapapasa kama unamtafuta chawa. Mkono ukiinuka, unaingia kwa ubavu, unakaa, kisha unaushusha. Na mkanda ukiwa mfupi, unaomba kipande cha kuongezea. Mzee wa ndege kaniapia. Nimeweka komeo la mbao palepale."

"Basi kaa wewe na chawa wako."

Hakukaa. Mjini, hata hivyo, safu hiyo ilipata jina: Benchi la Ndege. Aliyekuwa na safari alikuja na begi lake kulijaribu kwenye kabati la Fundi. Mwalimu mkuu alileta sanduku la magurudumu, akalisukuma kwa bega mpaka nguzo zikalia. "Mwalimu, hilo wataliacha ngazini," Fundi alimwambia, "na ukishuka utalikuta ngazini. Usigombane nao. Toa tu vile huwezi kuachana navyo: dawa, miwani, kitabu cha nyimbo. Hivyo shika mkononi." Wenye maduka walikuja kukaa na kujifunga mikanda ya kamba, wakitangaziana kwamba hali ya hewa ni nzuri. Fundi aliwaacha wacheze. Hakumtoza mtu yeyote.

Jambo moja Mama Mkate hakuwahi kumwambia mumewe. Jumamosi moja Fundi alikuwa amekwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na unga wake ulikuwa unaumuka. Aliingia karakanani, akachungulia nje, akalikaribia lile benchi. Akapapasa chini ya mkono wa kiti, akalivuta komeo, akaingia kwa ubavu, akakaa, akaushusha mkono. Ulibana, lakini ulifunga. Alikaa hapo kama dakika tano akitazama ukuta. Kisha akatoka, akaenda kuoka mikate yake. Kiburi kilimzuia kusema. Alijiambia atasema siku ikifika, na siku zikapita kama siku.

Sasa alikuwa jikoni kwa binti yake na siku ilikuwa imefika.

"Mama," binti alisema, "nitawapigia wazee wa kanisa. Nitawaomba hata siku moja."

"Maiti haiombewi siku, mwanangu. Inaombewa pumziko." Akanawa mikono, kidole kwa kidole. "Kata tiketi. Waambie nataka upande wa kiti kimoja."

Binti alitaka kuuliza, akaona uso wa mama yake, akakata tiketi.

Asubuhi walivuka uwanja kwa miguu, binti na mtoto kifuani, mama na sanduku la magurudumu. Chini ya ngazi alisimama kijana mwenye fulana ya kung'aa.

"Mama, begi hilo halitaingia juu. Liache hapa, utalikuta hapahapa ngazini ukishuka."

"Lakini sisi tunakwenda msibani," binti alianza. "Hatuwezi kukaa kusubiri mizigo."

"Mpe," mama alisema. Aliinama, akatoa dawa zake za presha, miwani na kitabu cha nyimbo. "Baba yako alishasema. Hilo kabati lao haliwezi kumeza hata sinia langu."

Mlangoni alimsogelea mhudumu na kumwambia kama anayeomba chumvi mezani, "Mwanangu, niletee na kile kipande cha kuongezea mkanda." Mhudumu akasema sawa mama, bila hata kukunja uso.

Kisha akafika kwenye safu ya nne. Kiti kilikuwa kilekile, na mikono yake miwili. Nyuma yake foleni ikasimama. Mtu akavuta pumzi ndefu. Masikio ya Mama Mkate yakaanza kusikia kile kicheko cha miaka minane, na magoti yakataka kugeuka yenyewe yarudi ngazini. Binti, aliyeshaketi ng'ambo ya njia, alikuwa amefumba macho akisali.

Mama akashusha mkono chini ya mkono wa kiti. Akapapasa. Chuma kitupu. Akapapasa tena, nyuma zaidi, mpaka vidole vikagusa bawaba, na kando yake kitu kidogo cha duara. Akabonyeza. Mkono wa kiti ukainuka taratibu kama kifuniko cha sufuria. Aliingia kwa ubavu, akakaa, akapumua nje yote, akaushusha. Ulibana. Ulifunga.

Mhudumu alikuwa amesimama na kipande cha mkanda mkononi. "Mama, umejuaje? Mimi mwenyewe nilikaa kazini miezi miwili ndiyo nikaonyeshwa."

"Nina mtu nyumbani," alisema, na alipolisikia neno hilo likitoka, machozi yakamjia, kwa mara ya kwanza tangu simu ile. Binti alinyoosha mkono ng'ambo ya njia, akamshika.

Ndege haijaanza kutembea, kichwa kikatokea juu ya kiti chake. Alikuwa bwana mmoja mnene wa safu ya tano, ameketi mshazari nusu yuko njiani. "Mama, samahani," alinong'ona. "Hicho kitufe kiko wapi?"

"Nyuma kabisa. Papasa kama unamtafuta chawa."

Bwana akapapasa. Kukasikika kilio kidogo cha bawaba, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyepata pa kukaa. "Mungu akubariki."

"Ambariki fundi," alisema Mama Mkate.

Mzee wa ndege alikuwa amewangoja chini ya ngazi, ndoo pembeni, na sanduku lao ameshalishika. Alimtazama shemeji yake akishuka hatua moja moja, akavua kofia.

"Ulikaa kiti kimoja?"

"Nilikaa. Lakini yeye hakujua kama ninaweza. Niliwahi kulijaribu benchi lake, nikamficha. Hilo ndilo linaloniuma."

Mzee akatikisa kichwa. "Alijua, shemeji. Jumamosi moja, alipotoka kwaya, alinivuta nikaone. Chini ya mkono wa kiti, kwenye komeo, palikuwa na alama za vidole vya unga. Nikamwambia ni vumbi la mbao. Akanicheka. 'Huu ni wa ngano,' akasema. 'Nimeishi na unga wa aina mbili miaka yote hii, siwezi kukosea.' Akanikataza kukwambia. Akasema, 'Ameshakaa. Kilichobaki ni safari tu.' Hakuufuta; upo mpaka leo."

Mama Mkate alimshika mzee mkono, wakatembea hivyo mpaka kwenye gari.

Nyumbani akina mama walikuwa wamepanga viti vya plastiki, na kwa heshima wamelisogeza lile benchi nyuma ya karakana na kulifunika, kwa kuwa marehemu alikatia roho pale. Mama Mkate alifunua kitambaa mwenyewe. "Ng'oeni kabati la juu," aliwaambia mafundi, "benchi lije makaburini. Viti vya plastiki sivitaki."

Saa tisa walimzika. Jeneza lilitengenezwa na mafundi wenzake kwa mbao alizokuwa ameziweka zikauke. Wanaume sita walilileta benchi, wakaliweka upande wa kichwani mwa kaburi. Mama Mkate alikaa kwenye kiti kimoja, mkono wa kiti ameushusha. Ng'ambo ya njia walikaa binti na mtoto wake, na mzee wa ndege. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba wimbo aliopenda kuanzisha Fundi, na safari hii ukaanzishwa na mwingine. Waliposhusha jeneza, Mama Mkate aliinua mkono wa kiti, akasimama, akachukua udongo.

"Nimekuja kwa ndege, mwenzangu," alisema, akautupa kaburini.

Wengine wakafuata. Mchungaji alifunga kwa sala, watu wakaitikia amina, na wale wanaume sita wakalibeba benchi kulirudisha karakanani.