Mjomba Gervase na Mfalme wa Katikati

Mjomba wangu Gervase amepiga kengele kanisani kwetu miaka arobaini na miwili, na muda wote huo amekuwa na ugomvi mmoja tu na wenzake: anampenda Mfalme James. Kwetu hilo ni sawa na kupenda mvua siku ya mavuno.

Wenzake wote ni watu wa Malkia Elizabeth. Kila tarehe kumi na saba Novemba, siku aliyoshika ufalme, hupanda mnarani wakazipiga kengele zote tano mpaka kunguru wanahama, kisha huja kwangu kunywa, maana pombe ya shayiri hapa kijijini napika mimi. Malkia mwenyewe yuko kaburini mwaka wa thelathini na saba. Tarehe ishirini na saba Machi humpigia Mfalme Charles, kwa kuwa yu hai na ni amri. Siku ya James, aliyetawala kati yao, ni siku tatu tu kabla ya hiyo, na tangu afe, siku hiyo kamba zilikuwa zinaning'inia tu kama mikia ya ng'ombe waliolala.

Mjomba hakuwahi kukosa. Kwa Malkia aliivuta kengele kubwa kuliko zote, na kwa Charles vilevile. Ila kila mwaka, akishakunywa kikombe cha pili, alikuwa na ombi lake.

"Mwaka huu tumpigie na James. Mara moja tu, kabla sijafa."

Hewet mhunzi, mkubwa wa wapiga kengele, hakumwachia hata apumue. "Yupi? Yule aliyekuwa akinywa, kinywaji kinamchuruzika kidevuni?"

"Ulimwona wapi wewe?"

"Nilisikia. Na mikono hakuwa ananawa. Malkia alizifukuza meli za Hispania. Charles angalau ni msafi. Huyo wako wa katikati alifanya nini, mzee?"

"Hakufanya."

"Si ndivyo ninavyosema."

"Na mimi ndivyo ninavyosema."

Mjomba si mtu wa maneno. Ya kumsemea niliyasema mimi. "Hewet, Malkia alipokufa wewe ulikuwa hujaota meno. Unamlilia titi la nani?" Wakacheka, wakaniomba niongeze pombe, na James akabaki bila kengele yake.

Mimi nilijua kinachomsumbua. Enzi za Malkia, kaka yao yeye na mama yangu, Anselm, alichukuliwa akapigane Ailandi akiwa na miaka kumi na tisa. Kilichorudi ni habari. Mama alimwekea sahani mezani mpaka siku alipoolewa. Halafu akaja James, akapatana na Wahispania, na katika miaka yake ishirini na miwili kijiji chetu hakikutoa kijana hata mmoja. Mjomba akalea wana wanne humo ndani, na wote wanne leo wana vipara.

Si kwamba alimwona James kuwa malaika. Alimwona mara moja tu, akiwinda, na farasi na mbwa wote wakapita juu ya shamba lake. Nikamuuliza, "Na bado unampenda?"

"Alinikanyagia njegere, Thomasin. Watoto wangu hakuwagusa."

Sasa mwaka huu, baridi ilipoanza kuisha, Mfalme Charles akataka vijana wa kwenda kupigana na Waskoti, kwa sababu ya kitabu cha sala walichokikataa. Kwetu walichukuliwa wanane. Wawili walikuwa wapiga kengele. Mwingine alikuwa Jasper, miaka ishirini, mtoto pekee wa Hewet. Wiki nzima Hewet aligonga chuma ambacho hakuna aliyemwagiza.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne nilikuwa nakoroga kimea niliposikia kengele. Moja. Ile kubwa.

Hapa kwetu kengele tano ni furaha. Moja ni kifo: milio tisa kama ni mwanamume, kisha mlio mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Nikasimama na mwiko mkononi. Ikafika tisa. Ikaendelea. Nilihesabu mpaka kumi na nne, nikashindwa, nikatoka mbio. Njiani nikawakuta mama Jasper na mke wa mwashi, aliyetoa wana wawili, wanakimbia bila viatu. Hewet alitutangulia mlangoni mwa mnara, amevaa ngozi yake ya kazi, nyundo mkononi.

"Nani?" akauliza. "Nani kafa huko?"

Mjomba akaiachia kamba. Akatutazama mmoja mmoja, miguu yetu, nyundo, ndipo akaelewa alichofanya.

"Hakufa mtu," akasema. "Ni siku ya James. Niko peke yangu, Hewet. Mtu mmoja hawezi kupiga furaha."

"Mjomba, una akili kweli?" nikamwambia. "Umewatoa wanawake roho kwa ajili ya mfalme aliyeoza miaka kumi na mitano?"

"Nisameheni." Akachukua kofia yake aondoke.

Hewet akaketi kwenye benchi, akaiweka nyundo katikati ya miguu. "Miaka mingapi?"

"Ipi?"

"Bila kuchukua kijana."

"Ishirini na miwili."

Hewet akaihesabu vidoleni. Hiyo inatosha kumkuza Jasper, na miwili inabaki. Akainuka, akatemea viganja mate, akashika kamba ya pili. Mama Jasper akashika ya tatu bila kumuuliza mtu. Mke wa mwashi akashika ya nne, na mimi ile iliyobaki.

Tulipiga kama sufuria zinazoanguka ngazini. "Vuta, achia, msubiri mwenzio," Mjomba alikuwa akituelekeza, mpole kama anakamua ng'ombe mgeni. Kasisi akaja, akadhani tunajifunza kwa ajili ya siku ya Mfalme Charles, akatusifu kwa moyo wetu. Hakuna aliyemsahihisha.

Baadaye, kwangu, Hewet akasema, "Lakini alikuwa hanawi."

"Hanawi kabisa," Mjomba akakubali.

"Na Novemba tunampigia Malkia."

"Nitakuja."

Hewet akamsogezea kikombe chake mwenyewe.

Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Mfalme Charles. Mjomba aliwahi mnarani kama kawaida yake. Hewet alinipa ujumbe niupeleke huko: mkono unamuuma. Alisema hivyo huku anagonga chuma. Nikaufikisha kama nilivyopewa.