Kiti Kilichopelekwa Mwanza

Wenye digrii waandike maisha ya mabalozi wa Ulaya. Mimi mjomba wenu niliyeishia darasa la sita nawaandikia ya balozi wetu wa hapa kijijini Izimbya, Kahangwa, tena nitawazidi, maana nilikuwepo.

Kahangwa ni mlangira, yaani damu ya wafalme, ingawa mabuti yake ya mvua yana viraka. Ameongoza posa thelathini hadi Muleba, na iliyokataliwa ni moja tu: yangu. Kaka yake Audax, mkuu wa ukoo, alipohamia Mwanza alimwachia kiti. Miaka kumi na miwili Kahangwa ameamua mipaka ya vibanja, mashamba yetu ya migomba, kwa jina la Audax.

Mwaka jana Audax akapiga simu: Celina, mjane wa mdogo wao, atoke kwenye kibanja kwa kuwa hana mtoto wa kiume.

"Hilo sifanyi, waitu," Kahangwa akajibu, kwa neno letu la heshima.

"Nilikuachia kiti, sikukuachia mdomo!"

"Kiti kisicho na mdomo ni kigoda cha kumenyea ndizi. Njoo umtoe mwenyewe."

Audax akaja na gari, akakusanya wazee wanne nyumbani kwa Celina. Kahangwa alikuwa ameshamnong'oneza Celina jambo. Nililisikia, nikanyamaza, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya tangu kuzaliwa.

Celina akapiga magoti mlangoni mwake, akamnyooshea shemeji yake kikapu cha kahawa ya kutafuna. Audax, mchovu wa safari, akachota, akatafuna. Akachota tena. Ndipo akasema, "Shemeji, nimekuja kukutoa hapa."

Kahangwa akainuka kitini. "Wazee, kwetu kahawa hutolewa na nani?"

"Mwenye nyumba humpa mgeni," akasema mzee Kyaruzi.

"Kaka ameipokea kwa Celina, mara mbili, mbele yenu. Tangu lini mgeni akamfukuza mwenyeji?"

"Mmenitega!"

"Si ungekataa?"

Angekataaje? Kukataa kahawa ni kutangaza uadui na nyumba ya marehemu mdogo wake. Wazee wakaanza kuokota fimbo zao, mmoja mmoja, waende zao.

"Basi kiti nakuvua!" Audax akafoka.

Kahangwa akakibeba mwenyewe hadi kwenye buti la gari, akakifuta vumbi kwa kofia yake. "Safari njema, waitu."

Kiti kipo Mwanza. Celina anachuma kahawa yake palepale, na wenye ugomvi wa mipaka wanamfuata Kahangwa hapo kibanjani, ameketi juu ya majani makavu ya migomba. Jana walikuwa saba. Wa nane mimi, nimerudi na posa yangu.