Mshono wa Kano na Mkono wa Idi

Siku ya kwanza kazini, pale hospitalini Changamwe, daktari mpasuaji wa Kizungu alinikabidhi ndoo ya miguu ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji. Nikadhani nimeajiriwa jikoni.

"Bakari, zitoe kano zote," akasema.

Kano ni ule ugwe mweupe unaounganisha nyama na mfupa; ukikatika, kidole hakikunjiki tena. Tulizikata, tukazishona, kisha tukazitundikia mawe ya mizani mpaka ziachie. Daktari alikuwa akitafuta mshono usioachia. Nyumbani Likoni wakaniita Bwana Kwato. Niliwaacha wacheke, maana miaka ilipopita tuliupata mshono uliostahimili mawe yote tuliyokuwa nayo.

Ndipo Athumani, mume wa dada yangu, akajikata kiganja cha kulia, mkono ukimtelezea kwenye makali ya kisu akichonga dafu. Vidole viwili vikalegea. Naye ni mshona kofia, hana kazi nyingine aijuayo, na watoto wanamtazama yeye. Daktari akamshona kwa mshono wetu, akamfunga ubao.

"Mpaka nimfungue, asishike kitu," akaniambia.

"Hata kijiko, Bwana Daktari?"

"Hata kijiko."

Athumani alitii. Dada alimlisha kwa mkono wake.

Idi ikafika kabla hajafunguliwa. Alikwenda kuswali mkono umetundikwa shingoni kwa leso. Nje ya msikiti akamkuta mjomba wake, mzee waliyekuwa hawasemezani naye tangu ugomvi wa shamba.

"Mwanangu, nipe mkono, tusameheane," mzee akasema.

Mkono wa kushoto hapewi mtu, sembuse mkubwa wako, sembuse siku kama ile. Athumani akaufungua ubao, akampa wa kulia. Mzee akaubana kwa furaha, na kano, zilizokuwa bado hazijapona, zikakatika.

"Wallahi, Bakari, ningempa wa kushoto angegeuka akaenda zake," aliniambia akilia.

"Kwa salamu tu?" daktari akaniuliza.

"Kwa salamu, Bwana Daktari."

Alimpasua tena, lakini kano ziligandana na nyama, vidole vikabaki wima. Uhuru ulipokaribia, daktari alirudi kwao. Aliyemrithi hakuitaka kazi ile. Mizani ikatupwa stoo, nami nikawekwa kufunga plasta mpaka nikastaafu.

Vijana mnaniuliza kazi yangu ilimfaa nani. Athumani aligawa sindano zake, akawa bawabu. Kila Idi huja kwangu akaninyooshea mkono wa kulia, akaubana wangu kwa vidole vilivyosalia vizima.

"Idi njema, shemeji," husema, nami hushindwa kumtazama usoni.