Siku turubai la harusi lilipotupatia njia ya kutembea

Wakuu, heshima kwenu. Naeleza niliyoyaona kwa macho yangu, bila kutia chumvi.

Nianze na wahusika: ni mhandisi msimamizi wa barabara ya mtaa wetu, huku upande wa Kawe, pamoja na mkandarasi wake. Mchoro tulioonyeshwa kwenye mkutano wa mtaa ulikuwa na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Barabara ilipokamilika, njia hiyo ikawa maegesho ya magari, na kando yake mtaro usiofunikwa.

Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma. Mke wangu, Mama Rehema, alipata kiharusi. Daktari alisisitiza atembee kila siku, la sivyo mguu utakakamaa.

Atembee wapi?

Tukawa tunazunguka uani, kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye kamba ya nguo, mpaka akaniambia, "Baba Rehema, mie si kuku wa kufugwa."

Wiki iliyopita jirani alimwoza binti yake. Kama ilivyo ada, turubai likafungwa katikati ya barabara, magari yakazuiwa pande zote mbili. (Nakiri sikuwahi kuipenda ada hiyo. Kanuni ni kanuni.)

Asubuhi ile tuliamshwa na ukimya. Zilisikika ndala zikiburuzika kwenye lami, na kengele ya baiskeli kwa mbali. Hewa ilinukia pilau.

Mama Rehema akachukua mkongojo, akatoka getini, akashika katikati ya barabara. Nilimfuata kama niliye ndotoni. Kivuli chake kilimtangulia, kirefu na chepesi, utadhani hakikupata kuugua.

"Shikamoo Mama Rehema! Leo umejitokeza?" aliita jirani aliyekuwa akimenya vitunguu.

"Marahaba. Nakagua barabara yangu."

Muuza samaki akatupita polepole na baiskeli. "Mzee, kaza mwendo, bi mkubwa anakuacha!"

Tulifika hadi msikitini, mahali ambapo hakuwa amefika tangu augue. Akaegemea ukuta, akacheka hadi machozi.

Kesho yake turubai likaondolewa. Alipokanyaga nje ya geti, bodaboda ikampitia karibu mno, upindo wa kanga ukapepea. Akarudi ndani. Hajatoka tena, na mguu umeanza kukaza.

Nilichojifunza: nafasi ya kutembea ipo. Lami ni ile ile.

Mitaani kwenu hali ikoje? Andikeni hapa chini.

Nami namtaka mhandisi msimamizi afike mbele ya mkutano wa mtaa, amtaje kwa jina aliyeidhinisha mchoro ubadilishwe, na atamke ni lini njia yetu itarejeshwa.