Nilivyoombewa Uvimbe Kikima, Kumbe Ni Uzi

Sikuwa na nia ya kuwaambia hii maneno. Nilikuwa nimeamua nizikwe nayo, lakini kwa vile anko wangu Mutisya ameshaisimulia kwenye matanga, kwenye harusi na hata pale kwa mashine ya kusaga unga, na kila mahali anatia chumvi yake, heri niseme mwenyewe. Ndiyo, ni kweli. Ni mimi niliyeombewa uvimbe ambao haukuwa uvimbe. Chekeni kwanza mmalize, halafu tuendelee.

Mimi ni mkulima wa tikiti huko Kibwezi, na ukiuliza Kilonzo wa tikiti watu watakutazama tu, lakini ukiuliza Kilonzo Nywele, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akulete mpaka kwangu. Afro yangu nimeilea (kuna watu wamelea watoto vibaya kuliko nilivyolea hizo nywele), nimeipaka mafuta ya nazi, nimeilaza kwa kitambaa laini, nimeichana pole pole kuanzia nchani, na nikipita kwa kinyozi navuka barabara. Na Kibwezi kwa vile ni joto, nywele hazikuwa na maneno. Maneno yalianza nilipompenda msichana wa Kikima.

Kwa nyinyi ambao hamjafika Kikima mwezi wa saba, wacha niwaambie, huko juu Mbooni kuna baridi ya kuuma meno. Ukungu unashuka asubuhi na unakaa hapo mpaka mchana kama mgeni asiye na nauli ya kurudi, manyunyu hayaishi, na watu wanakunywa chai wakiwa wamekumbatia kikombe. Na ni huko huko, na ni mwezi huo huo, ndipo tulipopangiwa kupeleka mbuzi wa ntheo. (Sisi Wakamba mnatujua: unapeleka mbuzi kwa kina msichana, wakichinja mmoja mkala pamoja, huyo ni mke wako, na wakikataa kuchinja unarudi na mbuzi wako wakipiga kelele njia nzima ili kila mtu ajue.)

Mwende, ndiye huyo msichana, alinieleza mapema kabisa. "Nyoa tu, Kilonzo. Baba alikuwa mwalimu mkuu, alikuwa anatembea na makasi kwa mfuko akiwatafuta watu kama wewe. Nyoa, zitamea."

Mimi? Ninyoe? Nilimwambia mwanaume hanyolewi na mkwe kabla hata ya kuonana. Akanyamaza, na mngekuwa mnamjua Mwende mngejua kwamba akinyamaza si kwamba amekubali.

Sasa badala ya kusikiza mtu anayenipenda, nikaenda kusikiza simu. Kuna mama mmoja huko kwa video, ana nywele za kufika kiunoni na sauti ya daktari, anasema baridi ndiyo adui wa nywele za asili, inakausha, inakatakata ncha, na kofia ya sufu nayo inanyonya mafuta yote, kwa hivyo wakati wa baridi usiache nywele wazi, zifunge, ficha ncha, tafuta mtindo wa kuzilinda. Basi nikashikwa na hofu kabisa. Ntheo yangu mwenyewe, na mimi nilikuwa nikifikiria ncha za nywele.

Nikaenda saluni kwa Kalondu, ambaye amekuwa akinisuka tangu zikiwa fupi. Tukakaa chini tukachagua kama watu wanaochagua ng'ombe. Matuta ya kulala nyuma nikakataa, yanavuta paji la uso mpaka mtu anaonekana ameshtuka. Twist nikakataa, zikiguswa na ukungu zinajikunja, unaingia kwa wakwe ukiwa na kitu kama pilipili manga kichwani. Ndipo Kalondu akataja uzi, ule mtindo wa zamani wa akina shosho: unagawanya nywele vifungu vifungu, kila kifungu unakizungushia uzi mweusi kuanzia chini mpaka juu, ncha zinafichwa ndani, baridi haiingii, na ukifumua zinatoka zimenyooka vizuri, unazibana nyuma kwa adabu, hata mwalimu mkuu hana la kusema.

"Lakini hii ni ya kulala nayo," Kalondu akanionya. "Si ya kwenda nayo kwa watu. Ufumue kabla hujafika, umenisikia?"

Nikamwambia nimemsikia. Akanifunga uzi kichwa kizima, na Kalondu akifunga kitu kimefungwa. Nikavaa marvin, ile kofia ya sufu ya kubana, juu, ikakaa na vinundu vinundu, nikajitazama kwa kioo nikaona niko sawa.

Mpango ulikuwa tukifika Kikima nijitenge kidogo nifumue. Tulienda na pikapu, mbele mimi, mama yangu na anko Mutisya, nyuma mbuzi. Tukasimama karibu na boma la kina Mwende, nikajifanya naenda haja, nikajificha nyuma ya migomba na kutoa marvin. Jameni, ile baridi! Masikio yalikufa kwanza, vidole vikafuata. Nikashika uzi wa kwanza, sisikii kama nimeshika uzi ama nimeshika sikio. Nikahangaika na kimoja cha mbele, kikafumuka nusu, kikasimama wima na kukataa kulala. Nikajaribu cha pili, kikakaza zaidi. Na hapo anko anapiga honi na kuita, "Kilonzo! Hiyo haja ni ya mwaka gani? Wazee wanangoja!"

Nikarudisha marvin. Nikajiambia, si ni baridi, kila mtu atakuwa na kofia, nitafumua baadaye. Hapo ndipo nilipojimaliza, na nilijimaliza nikiwa natabasamu.

Tukapokewa vizuri. Sebule ilikuwa na jiko katikati na viti vimepangwa kando ya ukuta, Mzee Nzuki, babake Mwende, kwa kile kikubwa, karibu naye pasta wao, na pale karibu na jiko Susu, yaani nyanyake Mwende, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Mwende na mamake walikuwa jikoni. Tukasalimiana, tukaulizana mvua, na kweli wazee wote walikuwa na kofia. Nikaanza kustarehe. Halafu Mzee Nzuki akasema, "Kabla ya yote, tuombe."

Kofia zikatoka. Zote. Nyinyi mnajua watu wetu wa kanisa, mwanaume haombi na kofia, hata awe na kipara cha kugandisha maji. Anko Mutisya akatoa yake. Nikabaki mimi.

"Kijana," Mzee Nzuki akasema kwa sauti ile ya paredi ya asubuhi, "kofia."

Sasa ningesema ukweli pale, ningechekwa kidogo, chai ingeletwa, na leo msingekuwa hapa mkinitazama hivyo. Lakini mdomo wangu una mambo yake. Nikasema, "Samahani baba, niko na kidonda."

"Kidonda wapi?"

"Kichwani."

Mama yangu akageuka akanitazama, kwa sababu alinipikia chai asubuhi na hakuona kidonda chochote. Mimi nikaona nimepona, na pengine ningepona kweli kama pasta angekuwa mtu wa kawaida. Lakini huyu ni pasta wa kuwekea watu mikono. Akasimama. Akasema, "Hatuwezi kuombea mengine na ndugu yetu anaumia," akaja mpaka nilipo, na akaniwekea viganja viwili juu ya marvin.

Alianza pole pole, kwa upole, Bwana mguse mtoto wako. Halafu vidole vikaanza kutembea. Nikasikia amegusa kinundu kimoja, akasita. Akagusa cha pili. Sauti ikapanda. "Bwana, naona si kidonda... Bwana, ni uvimbe! Bwana, ni mwingi! Uko mbele, uko nyuma, umezunguka masikio!" Akaanza kukemea. Alikemea ule uvimbe mpaka mate yakanifikia, na kadiri alivyobonyeza ndivyo uzi wa Kalondu ulivyoniuma, nikawa natoa sauti, "Aii! Aii!" na watu wakaitikia, "Yesu! Yesu!"

Alipomaliza alikuwa anatoa jasho na baridi yote ile. Akamwinamia Mzee Nzuki, lakini pasta aliyezoea kuhubiri bila spika hajui kunong'ona. "Mzee, huyu kijana ni mgonjwa sana. Kichwa chote kimefura."

Mzee Nzuki ni mtu mzuri, nitasema hivyo mpaka kesho, maana hakunifukuza. Alisema, "Basi leo mbuzi wasichinjwe. Kijana apelekwe hospitali kwanza. Mambo ya Mwende tutaongea akipona." Na kila Mkamba aliyekuwa hapo alijua maana yake, kwamba mbuzi wanarudi Kibwezi.

Mama yangu akaanza kulia. "Mwanangu, mbona hukuniambia? Ningeuza ng'ombe!" Na mlango wa jikoni ukafunguka, Mwende akasimama hapo na sinia ya vikombe, amesikia yote. Machozi yakamshuka tu, mbele ya wazee, bila hata kujipangusa kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Hapo nilitamani kweli niwe na uvimbe.

Aliyeniokoa, ama aliyenimaliza, sijui niseme vipi, ni Susu. Alikuwa ananitazama kutoka ndani ya blanketi. Akasema, "Mimi nimelea watoto na wajukuu, sijawahi ona uvimbe inatokea kwa laini kama mahindi imepandwa na kamba. Toa hiyo kofia."

Nikatoa.

Fikirieni nyinyi wenyewe. Vijiti vyeusi kichwa kizima, vingine vimelala, vingine pasta amevipinda, na kile kimoja cha mbele nilichofumua nusu kimesimama wima kama kinauliza swali. Jiko likatoa cheche, tss. Halafu Susu akapasuka. Alicheka mpaka blanketi likaanguka. "Huu ni uzi! Hivi ndivyo tulikuwa tunafungwa tukiwa wasichana! Kijana, kwani wewe unaolewa ama unaoa?"

Basi nyumba nzima ikaangua kicheko. Pasta alikuwa anatazama viganja vyake vilivyojaa mafuta ya nazi, akisema pole pole, "Nimekemea uzi. Miaka yote hii ya utumishi, nimekemea uzi." Na anko wangu Mutisya, ambaye damu yake na yangu ni moja, akasimama kujiosha na aibu yangu. Akasema vijana wa siku hizi wanapenda urembo kupita kiasi, akasema zamani mwanaume alikuwa mwanaume, na wakati wote huo ile dawa nyeusi anayopaka mvi zake ilikuwa imelowa manyunyu na inamteremka nyuma ya sikio inaingia kwa kola ya shati. Susu akamwambia, "Wewe jipanguse masizi kwanza, ndio uhubiri." Akakaa. (Hiyo sehemu huwa haisimulii kwa mashine ya unga. Muulizeni.)

Lakini kuna wawili ambao hawakucheka. Mmoja ni Mzee Nzuki. Aliingia chumbani, akarudi na makasi, yale yale ya shule, marefu, meusi kwenye vishikio. Nikajua afro yangu imefika mwisho. Lakini hakuja kwangu. Aliyapeleka kwa Mwende, akamwambia, "Ni wewe umedanganywa zaidi yetu. Amua."

Mwende akaweka sinia chini. Akavuta kiti, akakaa, akanionyesha sakafu mbele ya magoti yake. Nikaenda nikakaa chini, mwanaume mzima, mbele ya wazee, mbele ya mama yangu, mgongo kwake. Nikasikia makasi yamefunguka karibu na sikio.

"Nimelia, Kilonzo," akasema. "Nimelia mbele ya watu. Nilikuwa nishakuzika. Nikate uzi ama nikate zote?"

Na mimi, yule yule wa kuvuka barabara nikiona kinyozi, nikasema, "Kata unachotaka. Usikatae mbuzi tu."

Akakata uzi. Mmoja mmoja, bila kuharakisha, na kila akikata anavuta kidogo ili niumie, na niliumia nikanyamaza. Alipofika kwa kile cha mbele, kilichosimama, akakishika, akakikata kutoka chini kabisa, nywele na uzi pamoja, akakitupa kwa jiko. "Hii ni ya machozi yangu," akasema. Ile harufu mpaka leo naisikia.

Mzee Nzuki alikuwa akitutazama wakati huo wote. Akachukua makasi yake, akayatia mfukoni, akaita vijana walioko nje, "Haya, chinjeni. Aliyekubali kukalishwa hivi na msichana wangu ameshaoa."

Kwa hivyo ushauri wangu kuhusu nywele na baridi ni huu: yule mama wa video hajui Kikima. Chagua mtindo ambao hauogopi kufunuliwa ukiambiwa tuombe, na kama huna, nyoa, zitamea. Uzi mimi sitaki kuuona tena, hata kifungo cha shati kikikatika nafunga na pini. Kile kipara cha mbele kiliziba polepole, na Mwende akanikataza kukificha hata siku moja.

Na tukienda kwa wakwe siku hizi, kofia naitoa nikiwa bado kwenye lango, baridi ifanye itakavyo. Haijanisaidia. Mzee Nzuki akisema tufumbe macho tuombe, hakuna hata mmoja anayefumba, pasta akiwemo, wote wanatazama kichwa changu.